Maelezo ya Ijumaa

Kila Ijumaa jioni, kabla ya kuinjika sufuria, Sikudhani alipaswa kukieleza kisanduku cha shule, kilichotundikwa jikoni, jinsi bintiye alivyoishi wiki ile. Kisanduku kililinganisha maneno ya mzazi na alama za mtoto. Na ole wako visipoafikiana: mtoto hapandi darasa.

"Mwanahawa kaimba wiki nzima," alisema, miguu ikimuuma kwa kusimama kiwandani kutwa. "Kamuuguza kuku mpaka kapona."

"Hisabati, alama thelathini na moja," kisanduku kilijibu kwa upole. "Maelezo hayaafikiani na alama. Tafadhali eleza upya."

Akaeleza upya, mara ya pili, mara ya tatu. Kuku akamtoa. Nyimbo akazitoa. Mwisho, kwa kuchoka tu, akasema, "Mtoto kanyong'onyea. Hana raha."

"Maelezo yameafikiana na alama. Ahsante, mama."

Sikudhani akashusha pumzi, akageuka kuchukua sufuria. Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni, amempakata kuku wake, kayasikia yote. Alimtua kuku chini taratibu.

"Mama," aliuliza, "nisiimbe mpaka lini?"