Viatu Visivyo na Kilo

Kisimba alikiweka kiatu kiganjani, akakipandisha na kukishusha mara mbili, kama alivyopima mawe ya shaba miaka yote aliyochimba kabla ya kuuza mitumba hapa Kolwezi.

"Sikia kilo yake, mama. Hii ndiyo ya muzuri."

"Mi nakimbia kila asubuhi, tata, miaka kumi na mbili sasa," mteja alijibu. "Natafuta ya nyepesi. Siku ya yenga, misa ikiisha, kuko mbio."

"Ya nyepesi? Ile yote nilitupa mu mufuko."

Mama alipiga magoti, mkono ukazama mfukoni mpaka begani. Akatoa kiatu chekundu, chembamba hata jua lilipenya. Cha pili kikafuata. Akavivaa, akapandisha kitenge magotini, akakimbia hadi kwenye reli na kurudi, wauza mihogo wakimpigia vigelegele.

Alirudi akicheka, wala hahemi. Kisimba alikuwa amemwaga mfuko wote chini. Amefumba macho, anapima kaputula ya kukimbilia kiganjani.

"Aah! Hii, mama, sisikie kitu."

"Nipe!"

"Ngoja kwanza," alisema Kisimba, akisukuma vile vizito pembeni. "Bitu byepesi, bei imepanda."