Folda ya Marehemu Baba

Asilimia tisini na saba, na hapo ikaganda.

"Dada Zamzam, vipi?" Shaibu aliuliza kwenye simu kutoka hospitali ya ng'ambo. "Wamekuja na kitanda cha magurudumu. Mama hataki kupasuliwa kabla hajasikia sauti ya Baba."

"Ngoja, mdogo wangu, usinihangaishe!"

Shaibu alikuwa akivuta vipande kutoka kwa ndugu wengine, lakini sauti ya Baba akitega vitendawili ilibaki nzima kwenye kompyuta ya Zamzam tu. Programu ya kugawia mafaili ikamwandikia kwa wino mwekundu kwamba faili halionekani. Halionekani vipi, na yeye analiona kwa macho yake? Akazima, akawasha. Wapi! Akamsomea Shaibu maneno hayo.

"Umelihamisha?"

"Sijahamisha kitu. Ila baada ya arobaini niliona folda imeandikwa Baba, hivi hivi tu. Si adabu. Nikaongeza Marehemu."

"Basi programu inamtafuta Baba, dada. Marehemu haimjui."

Zamzam akalifuta lile neno, herufi moja moja, machozi yakimtoka. Wino mwekundu ukabadilika: huna ruhusa. Ah! Folda alikuwa ameifunga mwenyewe, wajukuu wasije wakafuta. Akaifungua.

"Dada, wanamsukuma! Wako mlangoni!"

Tisini na nane. Tisini na tisa.

Kwenye simu Zamzam akasikia magurudumu yakisimama, kisha sauti ya Baba, nzito, yenye kicheko ndani yake:

"Kitendawili!"

Akaziba mdomo kwa pindo la kanga, akimngoja mama yake aseme tega.