Kichwa Kilichozuiwa Forodhani

"Mwongo huyu hapa!" Mtalii wa Kitaliano alimrukia Mzee Vangjel kabla askari aliyemleta hajaufunga mlango wa ofisi ya forodha. "Ndiye aliyeniuzia! Mwulizeni yeye!"

Juu ya meza, katikati ya taulo la kuogea, kilikaa kichwa cha marumaru cha mwanamke wa Kirumi, nywele zake za mawimbi, ncha ya pua imevunjika. Afisa wa forodha, Bi Lumturi, hakumkaribisha mzee kiti.

"Mzee, nisikilize vizuri," alisema. "Meli ya kwenda Bari, Italia, inang'oa nanga sasa hivi. Kichwa hiki kikiwa cha kale, huyu bwana analala ndani leo, na wewe unalala ubavuni mwake. Kikiwa cha bandia, aende zake. Sasa niambie: ni cha kale, au umekichonga?"

Vangjel alitazama sakafu. Miaka yote aliyoiweka meza yake ya vinyago chini ya ukuta wa uwanja wa kale wa mapambano, hakuna mtu katika mji mzima wa bandari wa Durrës aliyewahi kumsikia akikiri kwamba bidhaa zake si za Warumi.

"Biashara yangu ni halali," alinung'unika.

"Sikukuuliza uhalali. Nimekuuliza umri wa jiwe."

"Aliniapia kaburi la mama yake!" alifoka Mtaliano, ambaye jina lake lilikuwa Ruggero. "Eti kimetoka ardhini!"

"Na wewe ukaamini? Hayo macho umepewa ya kulilia vitunguu?" alidakia Vangjel.

"Mwizi we!"

"Nani kakamatwa na kitu kwenye taulo, mimi au wewe?"

"Kelele!" Lumturi alipiga meza. "Hapa si sokoni!"

Kando ya mlango wa ofisi yake kulikuwa na kichwa kingine cha jiwe, kilichotumika kuuzuia usijifunge. Kingine kilikaa juu ya kabati, kimevishwa kofia ya kazi. Vyote viwili alikuwa amevikamata kwa watalii na kuvipeleka kwa wataalamu wa mambo ya kale huko Tirana, mji mkuu, kwa mbwembwe. Vyote viwili vilirudishwa kwa kicheko. Ni kazi ya Vangjel, walimwandikia. Tangu hapo wenzake walimwita Mama Vichwa, na hakuwa tayari kuchekwa tena. Wala hakuwa tayari kuwa afisa aliyekiachia cha kweli kipite.

"Mara ya mwisho, Mzee. Ukinyamaza, nakiandika cha kale, na nyote wawili mnaingia ndani."

Honi ya meli ililia. Vangjel alikisogelea kichwa.

"Ndani ya sikio la kushoto," alisema taratibu, "kuna mikwaruzo mitatu ya tindo. Ni alama yangu."

Lumturi aliwasha tochi, akachungulia. Akalitazama sikio la kile cha kabatini. Akainama, akalitazama na la kile cha mlangoni. Masikio yote matatu yalikuwa na mikwaruzo ileile. Alipoinuka, alikuwa amekunja uso. Aliufungua mlango wazi kabisa, mbele ya abiria waliojipanga ukumbini na mizigo yao.

"Sema tena. Kwa sauti, wakusikie."

"Afisa, kesho nitakula nini?"

"Sema!"

"Nimekichonga mimi," alisema Vangjel. "Vyote nachonga mimi. Hakuna hata kimoja cha kale."

Watu waliangua kicheko. Mmoja alipiga mluzi. Mwongoza watalii aliyemletea wateja miaka mingi aligeuza uso, akajifanya hamjui.

"Na kesho nisiione meza yako pale uwanjani," Lumturi aliongeza. "Wala keshokutwa." Kisha akamsogezea Ruggero kile kichwa. "Haya, chukua uende."

"Sikitaki tena! Nikipeleke wapi, nichekwe na majirani? Kitupeni baharini!"

Vangjel alifumba macho.

"Hapa si jalala, bwana." Lumturi alikifunga taulo kwa hasira na kumsukumia kifuani. "Beba takataka yako. Mimi vichwa vimenichosha."

Ruggero alikikwapua, akakipakata kama boga, akatema mate karibu na viatu vya mzee, kisha akatoka mbio kuelekea melini.

Vangjel alipanda mlima taratibu hadi nyumbani kwake, katika zile nyumba zilizojengwa juu ya mabega ya uwanja wa kale. Mkewe, Parashqevi, alikuwa akimngoja mlangoni, mikono imejaa unga.

"Vipi?"

"Mpigie binti yetu simu," alisema Vangjel, akivua koti na kushika koleo. "Mwambie mumewe keshapanda meli, nacho."

Kisha wakaanza kulifukia shimo la jikoni, ambamo kichwa kile kilikuwa kimelala tangu zama za Warumi, sikio lake la kushoto likiwa halina mkwaruzo hata mmoja.