Mtu wa Mbu

Mashangazi wa Semboja walipokuja kunichumbia, hakuna aliyeuliza kama najua kupika. Walinikalisha barazani wakati wa magharibi, mikono wazi, wakatazama mbu wanavyowapita wao wote na kunijia mimi. Wakaridhika.

Siku hizi kila nyumba sharti iwe na mtu wake wa mbu. Jasho letu sisi watu wa mbu na pumzi zetu, mbu huzinusa kutoka mtaa wa pili, na dawa tunayokunywa hukaa kwenye damu: mbu akininyonya, anakufa kabla hajafika ukutani. Najivunia kazi hiyo. Mume wangu Semboja hulala kifua wazi. Mavyaa wangu, Bi Mwanakombo, mama wa mume wangu, alishona vyandarua vyote vya nyumba vikawa mapazia. Kwenye sinia, mnofu wa kwanza ni wangu.

Jana binti yetu alitimiza siku arobaini, tukamtoa nje. Jua lilipozama nikakaa naye mahali pangu, mikono wazi kama kawaida. Mbu wakaja, wakanizunguka, wakaniacha. Wakatua shavuni kwake.

Nikamfunika haraka kwa kanga. "Mama, huyu hajaanza dawa! Dawa hapewi mtoto anayenyonya."

Bi Mwanakombo akaifunua ile kanga taratibu, macho yakimng'aa. "Mwache, mwanangu. Wamemchagua wenyewe."

Akapiga vigelegele, na majirani wakaitikia nyumba hadi nyumba. Hawakuwa wamemaliza nilipomnyanyua mwanangu, nikaingia naye sebuleni, nikaanza kung'oa mapazia.