Pete Zenye Kutu

"Nimezunguka visiwa saba," alisema bwana yule kutoka kwenye yoti yake nyeupe. "Kalymnos ndipo nitakapoishi. Nifunge wapi, mama?"

Sauti niliijua. Ndiyo iliyoapa mahakamani kwamba mashua ya mume wangu, ambayo bwana huyu aliigonga na kuizamisha naye akiwa ndani, haikuwa na taa. Taa ile niliiwasha mimi mwenyewe.

Nikamwelekeza gati la kusini.

"Mbona hakuna mtu hapa?"

"Pazuri tunawaachia wageni."

Akacheka. Kwingine bandarini, pete za chuma ukutani zinang'aa kwa kusuguliwa na kamba. Za pale zimeota kutu nene kama magome, maana ikifika Novemba upepo wa kusini huponda kila chombo kwenye ukuta ule. Baharia gani huyu asiyetazama pete?

Akanirushia kamba. "Nitalala humu humu mpaka Pasaka! Unaitwa nani, mama?"

Mkono ukasita. Akilikumbuka jina, nitamwambia ahame.

"Anthoula Magklis," nikatamka taratibu, pamoja na ukoo wa marehemu.

"Jina tamu hilo!"

Nikakaza fundo, kisha nikaongeza la pili.