Chupa ya Shemeji

"Leo unipatie ya chupa," shemeji yake Angèle akasema, na nganda nzima, baa yake ndogo, ikacheka.

Nani asiyemjua shemeji huyo pale Kashikishi, kando ya ziwa? Ndiye mutu aliyewachosha wote kwa kubisha kwamba pombe ya chupa inanuka kizibo, na yenye utamu ni ya pipa tu, ile Angèle anayoikinga bombani kule nyuma ya pazia.

"Kizibo kimekuwa kitamu, mukubwa?" wavuvi wakamtania. "Ama kilio kimekugeuza ulimi?"

Angèle naye akacheka. Ilikuwa siku ya kwanza kufungua nganda tangu wamzike mume wake, aliyeshikwa na tumbo asubuhi akakata roho jioni. Kumwona mdogo wa marehemu amekuja kukaa kwake kulimtuliza moyo.

Akaleta chupa, kizibo kimeshatoka.

Shemeji hakuigusa. "Hapana, yaya," akasema, akimwita dada mkubwa kama siku zote. "Lete ingine. Uifungulie hapa, mbele ya macho yangu."

Kicheko kikakatika. Kwao Kongo, ng'ambo ya ziwa, chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, asije akahofia sumu. Lakini shemeji hakuwa mgeni.

Angèle akaenda nyuma ya pazia, akakinga kopo likafurika, akarudi akasimama mbele yake na kulinywa lote, povu likimchuruzika shingoni hadi kwenye kitenge cheusi cha msiba.

"Umeona?"

Shemeji akatazama pembeni. Kwenye meza ya wavuvi, mmoja akasukuma kopo lake mbali, polepole.

"Na miye, mama," akasema. "Ya chupa."