Kesho Nitatulizwa

Sheria inamtaka kila mfiwa akatulizwe siku ya arobaini. Kifaa kidogo kinawekwa kisogoni, na seli chache za shina la ubongo, zile zinazouambia ubongo ushike nini, zinapunguzwa nguvu. Machozi yanakoma.

Mimi ninalisha panya kwenye maabara ambako kifaa kilijaribiwa. Panya aliyetulizwa hupita bila hofu pale alipopigwa shoti. Lakini chakula nilichomwekea kwenye kona ileile mwezi mzima, kila asubuhi anakikuta kama mgeni.

Leo alikuja wifi yangu, Mwanamkasi, dada wa marehemu mume wangu Shekue. Yeye ametulizwa mapema kwa sababu ya presha.

"Wifi, kesho usiogope. Mimi sasa nakula, nalala."

"Na kaka yako unamkumbuka?"

"Kwani nimekuwa kichaa? Shekue, fundi saa, alifariki Jumanne, leo siku ya thelathini na tisa."

"Alikuwa akicheka vipi?"

"Wewe nawe! Maswali ya mtihani hayo."

Akainuka kwenda jikoni. Nilimsikia akifungua kabati, kisha lingine. Nikamfuata.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Sijui," alisema, mikono ikiendelea kupekua. "Hebu nisaidie."

Ameshaondoka. Gari la wizara litanipitia saa mbili asubuhi, na asiyepanda hufuatwa. Kwa hiyo naandika haraka: kicheko cha Shekue kilianzia mabegani, mabega yakitikisika kwanza, sauti ikifuata baadaye.